Ruji ya Midomo: Namna ya Kuipakaa Vizuri na kwa Usafi

Mafundisho ya afya kwa wamama na mabinti wa Bunia



Leo sitafundisha juu ya malaria wala juu ya chanjo ya watoto. Leo ninafundisha juu ya ruji, ile rangi ya midomo. Wamama wengine walicheka waliposikia. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hospitali ya misioni na ruji, wapi na wapi?" Nilimjibu hivi: midomo ni sehemu ya mwili, na kila kitu tunachopakaa juu ya mwili kinahusu afya. Kama wazee wa kanisa lako hawapendi ruji, hilo ni shauri lenu pamoja. Mimi ni muuguzi. Ninajua tu kama mabinti wengi wanaipakaa, na hakuna mtu anayewafundisha. Wanajifunza wenyewe katika kioo cha pikipiki, huku motari anawangojea.

Basi wewe unayesoma karatasi hii, kama unaanza kupakaa, ao kama binti yako anaanza, soma pole pole. Utajifunza mambo mawili: kupakaa ruji ikae vizuri, na kuipakaa bila kuleta ugonjwa. Mwishoni utaona kama mambo haya mawili ni jambo moja.

RUJI NI KITU GANI?

Ruji inatengenezwa kwa nta, mafuta na rangi. Nta mara nyingi ni ya nyuki. Mafuta mara nyingi ni ya mbarika, wengine wanasema nyonyo, mmea ule ule unaoota nyuma ya nyumba zetu. Nta inafanya ruji isimame, mafuta yanafanya iteleze. Kwa hiyo usiiache juani, itayeyuka. Na usiiweke miaka na miaka, kwa sababu mafuta yake yanaharibika sawa na mafuta ya kupikia.

Kila siku unameza ruji kidogo, ukila na ukinywa. Wapimaji wamekuta madini ya risasi katika ruji nyingi, lakini kidogo sana. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilishauri watengenezaji wasipitishe sehemu 10 za risasi katika sehemu milioni moja. Hapa sokoni mimi na wewe hatuna mashini ya kupima. Kwa hiyo nunua kwa akili:

- Chagua ruji iliyofungwa bado, yenye jina la mtengenezaji, namba na tarehe.
- Tafuta juu ya boksi picha ya kopo dogo lililofunguliwa. Ndani yake kuna namba na herufi M. Kama ni 12M, maana yake utumie miezi 12 tangu siku uliyoifungua. Kama ni 24M, miezi 24.
- Kama harufu imegeuka, ao ruji inatoa jasho la mafuta, ao imeota madoa, itupe. Usihurumie makuta yako kuliko midomo yako.
- Muuzaji akikupa ruji ya kujaribia, usiiweke mdomoni. Hujui wangapi walijaribu mbele yako. Kama unataka kuona rangi, iangalie karibu na ngozi yako bila kuigusa.

MIDOMO YAKO INASEMA NINI?

Mbele ya kupakaa kitu, jiangalie kwanza. Ngozi ya midomo ni nyembamba sana, na haina jasho la kuilowanisha. Inakauka upesi, zaidi wakati wa kiangazi, Desemba mpaka Februari, wakati vumbi la Bunia linaingia hata ndani ya sanduku. Usilambe midomo iliyokauka. Mate yanakauka upesi na kuacha midomo mikavu kuliko mbele. Pakaa vazelini kidogo na kunywa maji.

Ukiona alama moja katika hizi, ngojea kwanza, usipakae ruji:

Malengelenge madogo yaliyokaa pamoja, yanayowasha ao kuunguza. Watu wanasema ni ya homa. Ni ugonjwa wa virusi, jina lake herpesi. Unaambukiza.

Ufa kwenye pembe za kinywa. Pengine ni kuvu, pengine mwili umekosa vitamini ao madini ya chuma. Mboga za majani, maharagi, mayai na nyama vinasaidia. Kama ufa haufungi, njoo tukuangalie.

Utando mweupe ndani ya kinywa. Njoo upimwe, usiogope.

Kidonda ao uvimbe usiopona ndani ya majuma mawili. Munganga akione. Ndugu zetu wenye ualbino waangalie jambo hili kuliko wengine, kwa sababu jua linaweza kuwaletea kansa ya mdomo. Wao wanahitaji kofia pana, na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, namba 30 ao zaidi. Hayo kwao si urembo, ni dawa.

Kumbuka: ruji haiponyi kidonda. Inakificha tu, na ugonjwa unabaki juu ya ile ruji.

NAMNA YA KUPAKAA, KWA ANAYEANZA

Chagua rangi iliyo karibu na rangi ya midomo yako, nyekundu ya udongo ao zambarau iliyofifia. Nyekundu kali inaonyesha kila kosa la mkono. Ngojea mpaka mkono umezoea. Wengi kati yetu tuna mdomo wa juu mweusi kidogo, na wa chini wenye wekundu. Si ugonjwa, tuliumbwa hivyo. Rangi ya katikati italinganisha yote miwili.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Piga mswaki na kuosha uso.

2. Lowanisha kitambaa safi kwa maji ya vuguvugu. Sugua midomo pole pole, ngozi kavu itatoka. Usivute ngozi kwa meno wala kwa kucha.

3. Pakaa vazelini kidogo sana. Ngojea dakika tano, kisha ipanguse. Ukiacha mafuta mengi, ruji itateleza na kutoka nje ya midomo. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza.

4. Kaa karibu na dirisha, mwangaza ukuje mbele ya uso wako. Usikae na dirisha mgongoni. Kioo kiwe sawa na macho. Weka kiwiko juu ya meza, na kidole kidogo juu ya kidevu. Mkono ulioegemea hautetemeki.

5. Anza katikati ya mdomo wa juu, pale chini ya pua palipo na bonde dogo. Andika alama ya X ndogo, ifuate vilima viwili vya mdomo. Kisha toka kwenye pembe ya kuume kwenda katikati, na pembe ya kushoto kwenda katikati. Vuta mistari mifupi mifupi. Usijaribu kumaliza kwa mstari mmoja mrefu.

6. Mdomo wa chini, anza katikati na kwenda kwenye pembe. Fungua kinywa kidogo, sawa na mtu anayesema "o", ili ufikie pembe zenyewe.

7. Fuata mpaka wa midomo yako mwenyewe. Mwenye midomo minene asione haya kuijaza, na mwenye myembamba asiipanue. Kama una kalamu ya midomo, chora mpaka kwanza, kalamu iwe na rangi sawa na ruji. Ichonge kila mara mbele ya kuitumia.

8. Weka karatasi laini na safi katikati ya midomo, funga midomo juu yake mara moja, fungua. Usitumie karatasi ya gazeti, wino wake utabaki kwako. Pakaa mara ya pili, nyembamba. Mara mbili nyembamba inakaa kuliko mara moja nene.

9. Tia kidole safi kinywani, funga midomo juu yake, kitoe. Ruji iliyotaka kwenda kwenye meno itatoka na kidole. Nawa kidole.

10. Kama ruji imepita mpaka, usisugue kwa mkono, utaieneza shavuni. Chukua kijiti chenye pamba na mafuta kidogo, panguza pale palipoharibika tu.

Shauri moja la Bunia: kama utapanda pikipiki, usipakae ile inayong'aa na kunata. Utafika kwenye sherehe na vumbi la barabara mdomoni. Pakaa ukisha kufika.

Jioni, mbele ya kulala, itoshe yote. Pakaa mafuta, ngojea kidogo, panguza kutoka pembe kwenda katikati, kisha osha kwa maji na sabuni. Usilale na ruji.

HABARI YA NDOA MOJA

Sasa nitawaambia jambo ambalo nilifanya mimi mwenyewe, mimi mwalimu wa usafi.

Ilikuwa siku ya posho, siku ya ndoa ya binti wa jirani. Wasindikizaji wa bibi arusi walikuwa wanane, wamevaa kikwembe kimoja, wamependeza kabisa. Walijipanga ndani ya chumba, kioo kimoja, na ruji moja. Ruji ile ilikuwa yangu. Binti mmoja aliniomba, nikaitoa ndani ya mfuko. Ilizunguka midomo minane. Nilimwona mmoja ana malengelenge pembeni ya mdomo. Niliyaona, mimi muuguzi. Nikafikiri, nikisema sasa nitamhaibisha mbele ya wenzake. Na nikikataa ruji yangu watasema, mama huyu ni mchoyo. Basi nilinyamaza. Nilishika kioo wapate kujiona.

Nyuma ya juma moja mabinti wawili walikuja kwangu na malengelenge kwenye midomo. Mmoja wao alikuwa amezaa, mtoto wake ana majuma matatu tu. Akanisimulia kama anambusu mtoto uso mzima, asubuhi na jioni. Wamama, moyo wangu ulianguka. Mtu mzima akipata herpesi ya mdomo anaumia siku saba mpaka kumi na nne, kisha anapona. Lakini mtoto mchanga, mwili wake hauna nguvu bado. Virusi hiyo inaweza kuingia katika ubongo, maini na mapafu yake, na kumuua.

Tulimwambia asimbusu mtoto, anawe mikono kila mara mbele ya kumshika, afunike malengelenge, aendelee kunyonyesha kwa sababu matiti yake hayakuwa na kidonda. Munganga alimwangalia mtoto. Tukamfuata majuma mengi. Kila alipolia usiku, mama yake alinipigia simu, nami niliinuka. Mtoto hakupata ugonjwa. Leo anatembea.

Siwezi kuapa kama ilikuwa ruji ile. Siku ile walikunywa pia katika vikombe vimoja. Lakini najua nilichoona, na najua nilinyamaza. Juu ya hiyo ninaandika karatasi hii.

JUU YA NINI RUJI HAIAZIMWI?

Ruji inagusa mate na ngozi ya kila mtu anayeitumia. Ni sawa na mswaki. Wewe unaweza kuazima mswaki wa rafiki yako? Basi.

Herpesi ya mdomo si ugonjwa wa watu wachafu. Zaidi ya watu bilioni tatu duniani wanayo virusi hii, wengi waliipata wakiwa watoto. Inabaki mwilini, inalala, na inaamka wakati wa homa, jua kali ao uchovu. Kwa hiyo usimcheke mwenye malengelenge. Lakini wakati yanaonekana, ndipo yanaambukiza zaidi. Asiazime ruji, kikombe wala kijiko, na asibusu mtoto. Ikimrudilia mara nyingi, iko dawa ambayo munganga anaweza kumwandikia. Na ruji aliyoipakaa juu ya malengelenge aitupe.

Kuna pia mpoks, ambayo zamani iliitwa ndui ya nyani. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nayo alikuwa mtoto mdogo wa inchi yetu, mwaka 1970. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza kama ni hatari kwa dunia yote, kwa sababu ilienea sana katika Kongo na inchi za jirani. Inapita kwa kugusa vidonda, na kwa vitu vilivyogusa vidonda. Vidonda vyake vinaweza kutokea kwenye midomo na ndani ya kinywa. Ukiona vipele na homa, usivifunike kwa poda wala ruji. Njoo hospitali.

Wengine wananiuliza juu ya SIDA. Sikia vizuri: SIDA haipiti kwa kula pamoja, wala kwa kikombe, wala kwa kusalimiana. Usimkimbie mwenye SIDA kwa ajili ya ruji. Hatuazimi ruji ya mtu yeyote, basi, bila kuchagua.

NAMNA YA KUSAIDIANA BILA KUAMBUKIZANA

Ninajua kukataa ni vigumu. Kwetu mtu anayesema "hapana" siku ya ndoa anaonekana mbaya. Kwa hiyo hatutakataa, tutafanya hivi:

Chukua sahani safi na kisu kidogo kilichooshwa kwa maji ya moto. Kata vipande vidogo vya ruji, uviweke juu ya sahani mbali-mbali, kila binti kipande chake. Mpe kila mmoja kijiti chake chenye pamba. Achukue rangi kwa kijiti chake, apakae, akitupe. Kijiti kilichogusa mdomo kisiguse ruji ya mwingine. Ruji yenyewe haigusi mdomo wa mtu.

Kuna faida nyingine: kijiti chembamba kinafuata mpaka wa midomo kuliko ruji yenyewe, hasa kwa mkono unaoanza. Katika ndoa nyingine niliyosindikiza tulifanya hivi. Mabinti walipendeza kuliko wa kwanza, na hakuna aliyesema mimi ni mchoyo. Walisema, "Mwalimu analeta mambo ya saluni!"

Munakumbuka Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Tulijifunza kunawa mikono kwenye kila mlango na kusalimiana bila kushikana. Kwanza tuliona ni kama kutukana watu. Kisha tukaelewa kama ndiyo namna ya kupendana. Na ruji ni vile vile.

WAKATI WA KUKAA BILA RUJI

Ukija hospitali, kuja bila ruji, zaidi ukiwa na mimba ao ukija kupasuliwa. Sisi wenye ngozi nyeusi, upungufu wa damu hauonekani upesi usoni. Muuguzi anaangalia midomo, ulimi, ndani ya kope la chini, viganja na kucha. Ukizaa na damu ikatoka nyingi, midomo inaanza kupauka. Ukikosa hewa wakati wa kupasuliwa, midomo inageuka rangi ya majivu ao ya buluu. Ruji inafunga mlango ule tunaochungulia. Na rangi ya kucha pia uitoshe, inaweza kudanganya mashini tunayoweka kwenye kidole.

Hata wanafunzi wangu wa uuguzi, ninawaambia: nyumbani na kwenye sherehe mupendeze, mbele ya mgonjwa, uso safi na mikono safi vinatosha.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Juu ya nini tunapangusa vazelini mbele ya kupakaa ruji?
2. Unaanza wapi kwenye mdomo wa juu?
3. Alama gani zinakuambia ngojea, usipakae leo?
4. Rafiki akikuomba ruji siku ya ndoa, utafanya nini?
5. Nani asibusiwe na mtu mwenye malengelenge ya mdomo?
6. Juu ya nini unakuja kuzaa bila ruji?

Kama umejibu yote, mfundishe mwingine nyumbani. Kama ulizo la nne limekushinda, rudilia habari ya ndoa. Mimi pia lilinishinda siku ile, na kioo nilikuwa nimekishika mkononi.